Banda la miguu au la tofali, wavu wa kuku au kofi trei: uchague lipi ili kuku walale salama

Mtu akitaka kujenga banda la kuku, kitu cha kwanza anachouliza dukani ni bei ya wavu. Kabla ya bei kuna swali linaloweza kumwokolea fedha nyingi zaidi: kuku wako wanaliwa na nani, na anakuja saa ngapi? Kuna watu wamezungusha chenilinki ya futi sita uwanja mzima na vifaranga bado wanaisha, kwa sababu anayewachukua anatoka juu. Wengine wamefunika uwanja kwa nyavu vizuri kabisa, wakaacha sakafu ya udongo mtupu, nyegere akachimba usiku mmoja na asubuhi hapakubaki kuku.

Hapa nalinganisha njia ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzijenga kwa vifaa vinavyopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Tanzania na Kenya, kwa mfugaji mwenye kuku wa kienyeji 20 hadi 25. Msimamo wangu nautaja mapema: fedha za kwanza ziende kwenye chumba cha kulala kuku, siyo kwenye uwanja. Uwanja unaweza kuuboresha kidogo kidogo huku kuku wakiendelea kutaga. Chumba cha kulala kikiwa dhaifu, unaweza kupoteza kundi zima kabla ya adhana ya alfajiri.

Wa mchana na wa usiku

Mchana wanakuja mwewe, kipanga, kunguru, kenge, nguchiro na mbwa wa mtaani. Hawa huchukua kifaranga mmoja mmoja au mayai, na mara nyingi mama kuku anawapigia kelele ukawasikia. Kwa watu wa pwani kunguru ni kero ya pekee. Wale wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Asia katika miaka ya 1890, wakaenea pwani yote. Wanadokoa mayai na kubeba vifaranga wa siku chache, na kero yao ilifika mahali ambapo mwaka 2024 mamlaka ya wanyamapori ya Kenya, KWS, ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja.

Usiku ni zamu ya kicheche, kanu, fungo, paka mwitu, nyegere, chatu, panya, siafu na mwizi. Visiwani utamsikia ngawa akitajwa kwanza kuliko wote. Hawa ndio wanaomaliza kundi. Kuku haoni vizuri gizani. Akishatulia kwenye fito yake ya kulalia hakimbii hata mwenzake akishikwa. Kanu au nyegere akiingia, haui mmoja akamla akaondoka. Anaua wanaopapatika mbele yake, na wote wanapapatika.

Usijenge kabla hujasoma dalili. Ukikuta manyoya yametapakaa na kuku wengi wamekufa bila kuliwa, mfikirie kanu, kicheche, nyegere au mbwa. Shimo chini ya ukuta ni la mbwa au nyegere. Kuku mkubwa ametoweka bila hata unyoya mmoja kudondoka: hapo ni mwizi au chatu, na chatu mara nyingi hukutwa bado yumo ndani, kwa kuwa akishameza tumbo halipiti tena kwenye tundu aliloingilia. Vifaranga waliovutwa hadi kwenye kona yenye kitundu kidogo, au wenye vidonda vya miguu, wameguswa na panya. Na mama anayeatamia akikutwa amefia palepale juu ya mayai, macho na ngozi laini vimeliwa, hao ni siafu.

Banda la miguu au banda la chini

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, na watu huufanya kwa kufuata jirani kajengaje.

Banda la miguu ni lile lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa ya fito au mbao zilizoachiana nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Ni rahisi kujengwa kwa mirunda na mabanzi, halihitaji saruji nyingi, linakaa kavu hata mvua za masika zikifurika uwanjani, na likiwa dogo unaweza kulihamisha ukihama nyumba ya kupanga. Kwa mbwa, na kwa nyegere anayeingia kwa kuchimba, ni kinga nzuri, kwa sababu hakuna cha kuchimba. Samadi inakusanyika chini ya banda tayari kwa bustani.

Udhaifu wake ni miguu yenyewe. Panya, kanu na nyoka wanapanda nguzo bila shida yoyote. Dawa inajulikana tangu zamani kwa wenye maghala ya nafaka: kila nguzo ivishwe bati laini kwa umbo la kola au sahani iliyopinduliwa, juu kabisa, karibu na sakafu. Nguzo zifike mita moja kwenda juu. Zikiwa fupi panya mkubwa anaruka moja kwa moja hadi sakafuni, bila kuigusa hiyo kola. Halafu kuna kitu kidogo ambacho nimeona kikisahauliwa hata kwenye mabanda mazuri, nacho ni ngazi ya kuku. Ikiachwa imeegemezwa usiku, kazi yote ya bati imepotea. Iondolewe kila jioni, au ifungwe kwa bawaba ili iinuliwe na kuwa mlango wenyewe.

Adui mwingine wa banda la miguu ni mchwa. Sehemu ya nguzo inayozama ardhini ipakwe oili chafu mara kadhaa ikauke kabla ya kusimamishwa, au nguzo isimame juu ya kipande cha zege kilichotokeza ardhini. Hiyo ya pili naipenda zaidi, maana mchwa akijenga njia yake ya udongo juu ya zege unamwona.

Banda la chini lina msingi, sakafu ya zege, ukuta wa matofali wa futi mbili hadi tatu, na juu yake wavu hadi kwenye paa. Hili ndilo banda la mtu mwenye kiwanja chake. Mwizi hawezi kulivunja kimyakimya, nyegere hapiti kwenye zege, panya hapati pa kutoboa kama kona zimepigwa lipu vizuri, na ukuta wa chini unawakinga kuku na upepo wa usiku. Kufagia na kunyunyiza dawa ni rahisi. Ukiweka pumba za mpunga au maranda chini, kuku 20 hadi 25 wanatosha kwenye mita mraba tano, yaani chumba cha mita 2 kwa 2.5.

Watu wengi wanaliogopa kwa sababu ya gharama ya zege, na hapo nataka tupige hesabu. Sakafu ya mita mraba tano yenye unene wa sentimita 5 ni robo ya mita ujazo ya zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo inamaliza chini ya mifuko miwili ya kilo 50. Kinachopandisha gharama ni kuta na paa, na paa utalihitaji hata kwenye banda la miguu. Ukuta unaweza kuujenga kwa matofali ya kuchoma ya kijijini, au hata udongo uliokandikwa vizuri na kupigwa lipu ya saruji nje kwa futi mbili za chini. Sakafu usiiruke.

Kama huna shida ya maji kutuama na kiwanja ni chako, chagua la chini. Kama unaishi bondeni, au umepanga, au unakaa mahali siafu wanapita mara kwa mara, chagua la miguu.

Siafu wanastahili maneno yao wenyewe, kwa sababu hakuna wavu unaowazuia. Kwenye maeneo yenye mvua na miti mingi, kuanzia Usambara na Uluguru hadi Kagera na Kakamega, msafara wao unaweza kupita usiku wa mvua na kumaliza vifaranga wote waliofungiwa. Kuku aliye huru hukimbia. Aliyefungiwa hana pa kwenda, kwa hiyo kadiri unavyojenga imara ndivyo unavyomweka hatarini kwa siafu. Banda la miguu hapa linashinda waziwazi. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na kopo lenyewe lifunikwe kwa juu na kipande cha bati ili mvua isilijaze maji na kuku wasiguse oili. Fyeka majani pande zote, kwa sababu unyasi mmoja tu ulioegemea ukuta unawatosha kuvuka. Kwenye banda la chini kinga iliyopo ni kuzungushia mstari mpana wa majivu makavu, na mvua ikinyesha unaanza upya.

Nyavu tatu, kazi tatu

Dukani utaonyeshwa nyavu za aina nyingi, lakini kwa kuku mjadala ni wa hizi tatu. Kofi trei ni ule wavu wa kuchomelea wenye matundu madogo ya mraba, uliozoeleka kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Ukienda mahali hawalijui jina hilo, omba wavu wa kuchomelea wa nusu inchi.

| | Wavu wa kuku | Chenilinki | Kofi trei ya nusu inchi |
|---|---|---|---|
| Tundu | inchi 1 hadi 2, pembe sita | inchi 2 hadi 3 | nusu inchi, mraba |
| Waya | mwembamba, umesokotwa | mnene | umechomelewa kila kiungo |
| Unazuia | kuku asitoke, mwewe, kunguru | mbwa, fisi, mbuzi, watu | kanu, kicheche, nguchiro, kenge, panya mkubwa |
| Unapitisha | panya, nyoka. Mbwa na nyegere huuchana | nguchiro, kicheche, panya, nyoka | nyoka wachanga, panya wadogo kabisa |
| Mahali pake | juu ya uwanja | uzio wa nje | chumba cha kulala. Futi mbili za chini za uwanja |

Jina la wavu wa kuku limewapoteza wengi. Kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbwa mwenye njaa anauchana, na paka mwitu anaweza kupenyeza mkono akamvuta kuku aliyelala karibu nao. Nikikuta banda ambalo ukuta wote wa usiku ni wavu wa kuku, namwambia mwenye banda kwamba bado hajajenga.

Unaponunua, shika waya kwa mkono na uulize geji. Namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba: geji 20 ni kama milimita 0.9 na geji 16 ni milimita 1.6. Kwa kofi trei ya chumba cha kulala usichukue wavu wenye geji inayozidi 19. Kwa watu wa pwani, ambako hewa ya chumvi inakula chuma haraka, tafuta uliochovywa zinki baada ya kuchomelewa. Kwenye viungo utaona zinki imefunika mpaka kwenye makutano ya waya. Uliochomelewa kwanza kwa waya wenye zinki huanza kutu palepale kwenye viungo, na viungo ndivyo vinavyoshika wavu.

Sasa bei, maana kofi trei ni ghali na mtu akiisikia anaghairi. Chukua banda letu la mita 2 kwa 2.5. Mzunguko wake ni mita 9. Ukiweka wavu wa mita 1.2 juu ya ukuta, unahitaji karibu mita mraba 11. Uwanja wa mita 4 kwa 6 una mzunguko wa mita 20. Ukiuvisha kofi trei mpaka mita 1.8 na kuufunika juu, unahitaji mita mraba 60. Ni zaidi ya mara tano. Anayeghairi kofi trei mara nyingi amepiga hesabu ya uwanja mzima, wakati kinachohitaji kofi trei ni chumba. Ukiongeza futi mbili za chini kuzunguka uwanja, ni mita mraba 12 nyingine, na sehemu ya juu ya uzio inabaki chenilinki au hata wavu wa kuku.

Wavu mzuri uliopigiliwa vibaya ni hasara. Misumari ya kawaida iliyokunjwa kichwa hung'oka ikivutwa. Tumia misumari ya U, halafu juu ya ukingo wa wavu kandamiza ubao mwembamba kwa skrubu kuzunguka fremu yote. Fito za kulalia ziwe mbali na wavu, angalau futi moja, ili hakuna kuku anayeweza kung'atwa kupitia tundu.

Chini ya uzio

Mnyama anayechimba hupeleka pua mpaka ukuta unapokutana na ardhi, akaanza hapohapo. Tabia hiyo ndiyo inayoamua njia ipi itafanya kazi.

Unaweza kuchimba mtaro wa futi moja hadi moja na nusu na kuzika wavu wima. Inafanya kazi, ila ni jasho kubwa kwenye ardhi ya mawe, na wavu uliozikwa unaliwa na kutu bila wewe kuona. Unaweza kumwaga zege kuzunguka uzio, ambayo ni imara kuliko zote na inakufunga usihamishe uwanja tena. Njia ya tatu ni kulaza wavu juu ya ardhi upande wa nje, upana wa nusu mita, ukiwa umeungwa kwa waya na uzio, kisha ukaukandamiza kwa mawe na kuacha nyasi ziote juu yake. Mnyama anafika ukutani, anachimba, anakutana na wavu chini ya miguu yake, na mara nyingi haimjii kurudi nyuma nusu mita aanzie huko. Kwa uwanja wetu wa mzunguko wa mita 20 hiyo ni kama mita mraba 10 za wavu na kazi ya siku moja.

Kwa uwanja wa mchana naichagua hii ya tatu bila kusita. Mahali penye nyegere wengi, hasa karibu na misitu na mizinga ya nyuki, uwanja haulali kuku hata kwa bahati mbaya: wote waingie chumba chenye zege kabla ya magharibi, na wahesabiwe.

Juu

Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Huyo wa mwisho ndiye tunayeweza kumkatalia kwa gharama ndogo.

Kufunika uwanja wote kwa chenilinki au kofi trei ni kupoteza fedha, kwani uzito wake unadai nguzo na mbao nyingi katikati. Wavu wa kuku wa inchi mbili unatosha kabisa hapa, kwa sababu mwewe hachani waya. Nafuu zaidi ni nyavu kuukuu za kuvulia samaki, ambazo kwa watu wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa au Mwanza hupatikana kwa wavuvi kwa bei ya kuzungumza. Angalia tundu lisizidi inchi mbili likivutwa, la sivyo kunguru atapenya na kunaswa ndani pamoja na kuku. Jua huzikausha nyuzi, kwa hiyo zivute kwa mkono kila baada ya mvua na uzibe zinapokatika. Faida ya nyavu ni wepesi: nguzo nne za pembeni na kamba mbili zilizopishana katikati zinazibeba.

Nyuzi zilizovutwa sambamba na vitu vinavyong'aa vinasaidia siku za mwanzo, kisha ndege wanazoea. Miti inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Chini ya migomba au mwembe mwewe hapati njia ya kushuka kwa kasi, na kuku wanapata kivuli ambacho kwa joto la pwani wanakihitaji kama maji. Mimi napenda kupandisha pasheni juu ya wavu wa uwanja. Mwaka wa pili unakuwa na dari ya majani.

Kwa vifaranga usitegemee dari ya uwanja peke yake. Wiki zile za kwanza mama na wanawe wakae ndani ya tenga au kizimba kidogo chenye kofi trei pande zote, kinachohamishwa kila siku kwenye majani mapya, na jioni wote waingie ndani. Panya anamchukua kifaranga kirahisi kuliko mwewe.

Mlango, taa, mbwa

Mlango ndio ukuta unaofunguka, na wengi huutengeneza kwa mabaki. Fremu yake iwe na wavu uleule wa ukuta, ukae juu ya kizingiti cha zege, na pengo lolote lisizidi nusu inchi. Komeo la kusukuma peke yake linafunguliwa na mtu; weka kufuli. Bawaba zifungwe kwa boliti ambazo nati zake ziko ndani, kwa sababu mwizi anayejua kazi hagusi kufuli, anafungua skrubu za bawaba. Banda likiwa karibu na dirisha unapolala, umeongeza kinga bila kutumia hata shilingi. Kabla kuku hawajaingia mara ya kwanza, weka taa ndani usiku, zunguka nje, na uzibe kila mahali unapoona mwanga unapita pasipo na wavu.

Kuhusu taa za kutisha wanyama, mfano unaotajwa sana ni wa Richard Turere, kijana wa Kimasai wa Kitengela, Kenya, aliyetengeneza akiwa mtoto taa za kuwaka na kuzima zinazozunguka boma la ng'ombe ili simba wasikaribie. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kwa kuku nazichukulia kama nyongeza. Panya na kicheche wa mtaani wanaishi na taa za watu maisha yao yote. Mbwa aliyelelewa na kuku tangu mdogo ni mlinzi bora, na kanga ni wapiga kelele hodari. Wote wanaamsha mwenye nyumba, ila hakuna kati yao anayefunga tundu.

Sumu nakuomba usiitie kabisa. Nyama yenye sumu inaua mbwa wa jirani, paka, tai, na inaweza kufika mikononi mwa mtoto. Wanyamapori wanalindwa na sheria, Tanzania kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, Kenya kwa sheria yao ya mwaka 2013. Na huyo nguchiro unayemchukia anakula nyoka na panya ambao wangekujia wewe.

Kwa hiyo, wewe uchague lipi

Mkazi wa mjini, Dar es Salaam au Mombasa, adui zako ni paka, mbwa, panya, kunguru na mwizi. Jenga la chini, dogo, la tofali na zege, kofi trei juu, kufuli ya maana. Uwanja ufunikwe kwa wavu wa kuku au nyavu za samaki, na chenilinki haina kazi kwako kama tayari una ukuta wa kiwanja.

Wa kijijini kwenye mashamba ya miwa, mpunga au karibu na mto, mfikirie chatu, kenge na maji. Banda la miguu ya mita moja, sakafu ya mbao iliyopigiliwa kofi trei kwa chini, kola za bati, ngazi ya kuondolewa. Hapo fito zisizo na wavu chini yake ni mlango wa nyoka.

Wa milimani penye siafu, la miguu lenye makopo ya oili, kama nilivyoeleza.

Wa pembezoni mwa hifadhi, wenye fisi, chui na nyegere, chumba kiwe cha tofali na zege, na nje yake uzio wa pili. Huko kaskazini mwa Tanzania wafugaji wa Kimasai wamekuwa wakipanda miti ya jamii ya mturituri kama nguzo hai na kuifunga chenilinki kwa ajili ya kulinda mifugo dhidi ya simba. Nguzo hai haziliwi na mchwa na zinazidi kuwa nene kila mwaka, na kwa kuku uzio huohuo unafaa ukiongezewa kofi trei futi mbili za chini.

Fedha zikija kwa vipande, anza na sakafu, ukuta na kofi trei ya chumba cha kulala, pamoja na mlango wake. Kisha kizimba cha vifaranga. Kisha dari ya nyavu juu ya uwanja, halafu wavu wa kulaza pembeni, na chenilinki ya nje iwe ya mwisho kabisa. Katikati ya ununuzi huo wote tenga fedha ya chanjo ya kideri, tone moja la jicho kwa kila kuku kila miezi mitatu. Ile isiyoharibika haraka kwa joto, I-2, inatengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kuku waliofungiwa pamoja huambukizana haraka kuliko waliotawanyika, kwa hiyo wachanjwe kabla hujafunga mlango mpya.